Ati Mguu Wangu Ni Mzito

Jumamosi, jioni. Witeithie.

Asubuhi baridi ilipenya mpaka ndani ya ovaroli, mchana jua likachoma, na sasa kuna manyunyu yanayokuja na kukatika kama yamesahau yalichokuwa yanafanya. Mimi nimekasirika tangu asubuhi na hakuna hali ya hewa iliyonisaidia. Nimenawa mikono kwa sabuni ya unga, nikanawa kwa majivu, nikasugua kwa limau, na bado kioo cha simu kinateleza kwa mafuta ninapoandika.

Kama umezoea kuja hapa kusoma habari za kuku wangu, leo nisamehe. Leo hakuna kuku.

Wanasema mguu wangu ni mzito.

Kwa mgeni ambaye hajui: mimi ni Nyambura, na kazi yangu ni kuendesha ekskaveta ndogo, ile mashine ya kuchimba yenye mkono na ndoo mbele, iliyo ndogo kiasi cha kupita kwenye geti la ploti. Nachimba mitaro ya maji, mashimo ya choo, misingi ya nyumba, kutoka Ruiru mpaka Thika na kwingineko nikiitwa. Mashine ni ya familia. Tuliinunua pamoja, mimi na kaka yangu mkubwa Gichuru, anayefanya kazi ya ofisi Ruiru mjini. Yeye hushughulikia simu na wateja. Mimi hukaa kwenye kiti.

Sasa niambie. Ekskaveta inaendeshwa kwa mikono. Kuna leva huku na leva kule, hata kasi ya injini kuongeza ni kwa mkono. Kaka yangu amekuwa mwenye mashine miaka hii yote na bado hajui kwamba mguu hauna kazi pale. Halafu anasimama mbele ya ukoo mzima kusema nimeiua kwa mguu. Aki ya Mungu!

Wacha nianze mahali palipoanzia.

Jumanne nilikuwa Kimbo, kwa mama mmoja mwenye duka la nafaka. Alitaka mtaro wa maji taka upite mbele ya geti lake. Nilikuwa nimefika katikati, nimekata njia ya geti kabisa kiasi kwamba hata punda wa kuleta maji hangeingia, ndipo mashine ikanigomea. Injini ilikuwa inanguruma vizuri tu, haina shida. Lakini mkono haukusonga. Nikavuta leva hii, nikavuta ile, hakuna. Ndoo ikabaki hewani na udongo wake, na mimi nimekaa pale juu watu wote wakinitazama.

Kimbo haikosi watazamaji. Wanaume waliokuwa wameegemea ukuta wa kinyozi wakaanza. Mmoja akapiga kelele, "Mama, hiyo si mwiko wa ugali!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwingine akaniuliza kwani bwana yangu yuko wapi aje anisaidie kuzima.

Nikazima mwenyewe.

Gichuru akamtuma fundi wake, bwana mmoja anayevaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Alikuja, akasikiliza injini akiwa amesimama barabarani, akasema pampu imekufa. Hakushika spana. Hakuvua hata miwani. Pampu imekufa, tafuteni pampu nyingine, akaondoka.

Kabla ya jioni kulikuwa na ujumbe wa sauti kwenye grupu ya familia, mrefu, wa Gichuru. Ati alituonya tangu mwanzo. Ati hii si kazi ya mtu wa mguu mzito. Ati amepata kijana wa Juja mwenye vyeti, na Jumapili tukitoka kanisani tukae wote kwa Baba, nirudishe ufunguo kwa amani, nitafutiwe kitu kingine cha kufanya. Kitu kingine! Nina miaka mingapi kwenye hicho kiti? Nani alichimba msingi wa nyumba anayolala yeye?

Mashangazi wakaandika amina. Sijui walikuwa wanaitikia nini.

Kitu kilichonikata kabisa si hicho. Nilifungua kuona nani amesikiliza, na jina la Baba lilikuwa pale. Alikuwa amesikiliza mpaka mwisho. Hakusema neno.

Baba ndiye aliyenifundisha. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya kahawa maisha yake yote, na mimi nilijulia gia nikiwa nimekaa mapajani mwake. Tuliponunua mashine, Gichuru alitaka kuajiri mtu, na Baba ndiye aliyesema kiti ni cha Nyambura, mazungumzo yakaisha. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza wa kike, kwa hivyo nina jina la mama yake, na kama ilivyo kwetu, haniiti jina. Ananiita Maitu, yaani mama yangu. Maitu umekula. Maitu, leta ile spana. Mzee mzima mwenye mvi kila siku ananiita mama, halafu siku mama anapopigwa mawe, yeye ananyamaza.

Na mimi nilikuwa nimesema! Tangu nirudi kutoka Ngoliba, ambako nilikaa karibu wiki kwa mazishi ya tata yangu, dada ya mama, niliona mashine si ile niliyoiacha. Ilikuwa inatetemeka. Kulikuwa na kitu kinagonga kule nyuma, tak, tak, tak. Niliandika kwenye hiyo hiyo grupu kwamba kuna kitu kinagonga tuiangalie. Gichuru alinijibu kwa kidole gumba. Hicho kidole bado kiko pale, nimeenda kukitazama tena leo nikazidi kuwaka.

Basi nikampigia Mutua. Mutua ni fundi wa Thika, Mkamba mpole wa sauti na mkali wa kazi, ambaye hujawahi kumsikia akisema kitu kimekufa kabla hajakiona ndani. Nikamweleza yote. Akaniambia, "Tufungue kwanza. Pampu haifi kwa mdomo."

Leo ndiyo tumeifungua.

Nieleze kidogo, maana najua mko hapo mnaojiuliza. Injini haichimbi. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta ya haidroliki, na hayo mafuta ndiyo yanayoinua mkono. Kati ya injini na pampu kuna kiungo, kinaitwa kapulingi: meno ya chuma upande huu, meno upande ule, na vipande vya raba katikati ili visigongane. Raba ikiisha, injini itazunguka kutwa na pampu imelala. Ukiangalia kutoka barabarani na miwani yako, utasema pampu imekufa.

Huwezi kutoa pampu na mafuta yakiwa ndani, kwa hivyo kwanza ni kumwaga. Na kabla ya kumwaga, ile ndoo iliyokuwa hewani tangu Jumanne lazima ishuke. Niliwasha ufunguo bila injini, nikasukuma leva polepole, mkono ukateremka kwa uzito wake mpaka ndoo ikakaa chini. Nikazicheza leva zote ili presha iliyojificha kwenye mipira ya mafuta iishe. Nikalegeza kifuniko cha tangi, hewa ikatoka kwa sauti. Hayo yote wale wa ukuta wa kinyozi walikuwa wanaangalia, na hakuna aliyetaja mwiko.

Mutua alikuwa chini ya tangi na karai. Akaniita. "Nyambura, njoo uone vituko."

Kizibo cha kumwagia mafuta kilikuwa kimezungushiwa katani. Katani hasa, zile nyuzi za mkonge ambazo mafundi wa bomba wa zamani walikuwa wanafungia mifereji. Mutua akauliza ni nani alidhani hapa ni jikoni. Nikasema labda ni mwenye mashine wa kwanza, na nikaisahau hapo hapo.

Mafuta yakaanza kushuka. Tuliyapokea kwenye karai safi, tukayapitisha kwenye kitambaa, tukayaweka kwenye mitungi tuliyokuwa tumeiosha na kuikausha. Ilichukua muda, mashine inaonekana ndogo lakini tumbo lake si dogo. Mimi nikachovya vidole, nikasugua. Nikapitisha sumaku. Pampu ikifa, huacha unga wa chuma kwenye mafuta, unauona ukimetameta kama vumbi la kung'arisha kadi za Krismasi. Sumaku ilitoka tupu. Mafuta yalikuwa safi, rangi ya asali, hayana harufu ya kuungua.

Pampu ilikuwa nzima. Hiyo pampu ambayo kaka yangu aliitangazia matanga kwenye grupu ilikuwa nzima kabisa, na mimi nilisimama Kimbo na sumaku mkononi nikitaka kulia kwa hasira. Sikulia. Nilimwambia Mutua tuendelee.

Tukafungua mipira. Mimi huiwekea alama kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa huu na kwa mahali pake, nyeupe kwa ule, ili wakati wa kurudisha pasiwe na kubahatisha. Mutua alinicheka, kisha akaniomba kichupa. Kila mdomo tuliufunga kwa kitambaa safi, maana chembe moja ya mchanga wa Kimbo ikiingia huko ndani, hapo ndipo pampu itakufa kweli. Halafu tukaifunga pampu kamba, tukaifungua bolti zake, tukaivuta. Ilikataa kidogo. Mutua akaibembeleza kwa mtaimbo mdogo, huku na huku, ikatoka.

Na hapo ndipo vikaanguka.

Vipande vyeusi vilivyosagika, na unga mweusi, na nyuzi. Raba ya kapulingi ya kiwandani haina nyuzi. Hivi vilikuwa na nyuzi, zimetoka pande zote kama ndevu. Nikaokota kimoja, nikakifuta kwa ovaroli, nikakigeuza. Upande mmoja kulikuwa na michoro ya tairi.

Tairi!

Kuna mtu alifungua mashine yangu, akatoa raba iliyoharibika, akakata tairi la gari kwa kisu, vipande vipande, kama anayetengeneza viatu vya akala, akavishindilia humo, akafunga, akanyamaza. Vikashika siku kadhaa. Vikaanza kugonga, tak, tak, tak. Halafu vikasagika nikiwa mimi kwenye kiti, katikati ya geti la mama wa watu.

Unajua Mutua alifanya nini? Alinitazama mimi. Akauliza, "Ulikatia nini, panga?"

Kwa kweli sijui kwa nini mtu yeyote anadhani mimi ni mtu mpole. Nilimwambia Mutua maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mchungaji wetu husoma hii blogu. Akaomba msamaha. Akasema ni vile tu vimekatwa vizuri, kila kimoja kimeingia mahali pake sawasawa, akadhani ni mtu anayeijua mashine.

Nikajua ni Gichuru.

Ni nani mwingine? Ni yeye aliyekuwa hapa nikiwa Ngoliba. Atakuwa alimkodisha mtu mashine kisiri, huyo mtu akaiharibu, akamwita yule wa miwani wakaziba kwa tairi, na lawama akaniwekea mimi tayari kama chakula kwenye sahani. Ilinijia yote mara moja. Mutua alipoleta kapulingi mpya, ambayo mimi mwenyewe niliifuata Thika jana kwa sababu yeye aliishuku tangu nimweleze ile tak, tak, kwa duka la spea ambako muuzaji aliniuliza mara tatu ni fundi gani amenituma, nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa naandaa hotuba. Nilikuwa nimefika mahali pa kumwambia Gichuru kwamba hata wakati wa utoto alikuwa anavunja sahani akisema ni mimi.

Tukasafisha meno ya chuma mpaka yakang'aa. Tukaingiza kapulingi mpya, tukaacha ile nafasi ndogo inayotakiwa kati ya upande huu na ule. Nikaanza kukaza bolti. Mutua akaninyang'anya spana. "Hizi hazikazwi kwa hasira," akasema. "Zinakazwa sawa zote." Akanirudishia nilipotulia. Nilizikaza sawa zote.

Pampu ikarudi. Mipira ikarudi, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Sili mpya kwenye kizibo, bila katani. Mafuta yakapita tena kwenye kitambaa, yakaingia, tukaongezea mapya kidogo. Pampu yenyewe tuliijaza mafuta kwanza kabla ya kuwasha, ili isizunguke kavu. Watu wengi husahau hapo. Kisha nikapanda.

Niliwasha nikaiacha ingurume chini kabisa. Nikagusa leva. Mkono ukatetemeka, ukasitasita kwa ajili ya hewa iliyokuwa imeingia, kisha ukainuka. Polepole, laini, bila tak. Nikaushusha, nikauinua tena. Mama wa nafaka alipiga kigelegele akiwa mlangoni na kibaba mkononi. Nikamaliza mtaro wake wote, nikafukia palipotakiwa kufukiwa, nikamwachia geti lake linafunguka. Wale wa ukuta wa kinyozi sikuwaangalia.

Uongo. Niliwaangalia, kila mmoja, na ndoo ikiwa juu.

Vile vipande vya tairi niliviokota vyote nikavitia mfukoni mwa ovaroli. Nikarudi nyumbani hapa Witeithie nikiwa na hotuba yangu kamili, imebaki kumsubiri Gichuru kesho.

Mimi na Baba tunaishi boma moja, yeye nyumba ya mbele, mimi ya nyuma. Kati yetu kuna mfereji wa maji ya bomba. Nilikuja moja kwa moja kunawa. Nikafungua maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikawa nasugua, na macho yakiwa pale tu, kwenye shingo ya mfereji, nikaona katani.

Baba hufunga kila kitu kwa katani. Mfereji, paipu ya tangi, hata kifuniko cha chupa yake ya chai. Ameshaambiwa siku hizi kuna utepe mweupe wa kufungia, anasema utepe ni wa watu wasiojua kazi.

Maji yaliendelea kutoka. Nilisahau kuyafunga.

Baba alikuwa mahali pake, karibu na stoo, amekaa kwenye tairi kuukuu la lori, redio iko miguuni. Hukaa pale kila jioni. Tangu nirudi kutoka Ngoliba nimemwona amelitandikia gunia, na nikadhani ni baridi inamsumbua mgongo. Hata juzi nilikuwa nimepanga kumshonea mto.

Nikamwendea na mikono inachuruzika. Nikamwambia, "Baba, simama kidogo."

"Kwa nini, Maitu?"

"Simama tu."

Akasimama. Nikaondoa gunia. Upande wa juu ulikuwa umekatwa, vizuri, kwa mstari ulionyooka, pengo lenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo.

Ile hotuba yote ilikuwa ya Gichuru, hakuna sentensi hata moja iliyomfaa Baba. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kipande kimoja, nikamwekea kwenye kiganja. Yeye akakiinua kwenye mwanga, maana macho yake si kama zamani. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba mahali palipokatwa. Na unajua neno la kwanza lililomtoka?

"Ilishika?"

Ati ilishika! Nimechekwa na Kimbo nzima, nimeitwa mguu mzito na watu wa damu yangu, kesho naporwa kazi, na huyu anataka kujua kama ufundi wake ulikuwa mzuri. Nilitaka kupiga mayowe. Na sehemu fulani ndani yangu, naapa, ilitaka kumjibu kwamba ndiyo, ilishika kuliko nilivyotarajia.

Nikamwambia akae aniambie yote.

Nilipokuwa Ngoliba, mvua ilinyesha, na gari la maziwa likakwama hapo kwa kona. Mashine ilikuwa imelala hapa bomani. Vijana wa gari wakamkumbuka, wakaja kumwita, Mzee wa Trekta, njoo utuokoe. Sasa ujue Gichuru alimkataza kupanda mashine tangu macho yaanze kumsumbua. Na hakumkataza faraghani. Alimkataza mbele ya wageni, siku ya ruracio, ya kupokea mahari ya binti yake, kama anavyomkataza mtoto kuchezea moto. Mimi nilikuwepo. Niliona Baba akitazama kikombe chake. Kwa hivyo walipokuja kumwita kwa jina hilo, akapanda. Akafunga mnyororo, akavuta lile gari kwa mshtuko, likatoka, watu wakampigia makofi, na kule nyuma raba zikapasuka.

Alimwaga mafuta mwenyewe. Alitoa pampu mwenyewe, na mgongo ule. Alikata tairi alilokuwa amelikalia.

"Wangejua nilipanda," akasema, "hawangeniacha hata niioshe."

Nikamwambia, "Kwa hivyo ukawapa kiti changu."

Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Tuliyasikiliza mpaka yakaisha.

Nina hasira na Gichuru, na ninayo haki, maana alimfanya mzee aogope mashine ya nyumbani kwake. Nina hasira na yule wa miwani. Nina hasira na mashangazi na amina zao. Lakini hizo zote ni hasira za kawaida, nitalala nazo na kuamka nazo. Hii ya Baba sijui niiweke wapi. Alisikia ule ujumbe wa sauti. Alikaa juu ya lile tairi, juu ya lile pengo, simu sikioni, akasikiliza mwanawe akinivua nguo mbele ya ukoo, akajua kila neno ni la uongo, akaizima simu akaendelea na redio. Asubuhi yake akaniita Maitu, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nikamuuliza hivyo hivyo. Nikamwambia, "Unaniita mama yako. Mama yako ungemfanyia hivi?"

Akafikiri kabisa, kama mtu aliyeulizwa swali la kweli. "Mama yangu angenichapa," akasema.

Nikaondoka kabla sijacheka, kwa sababu ningecheka ningemsamehe, na mimi sijamaliza kukasirika. Nilifika kwenye mfereji, nikafunga maji, nikarudi. Nikamwambia kesho tukikaa, aongee yeye, kabla Gichuru hajafungua mdomo wake. Aseme alipanda. Aseme alikata tairi. Nikamwambia kwamba mimi sitamshtaki baba yangu mbele ya watoto wake na mashangazi wanywa chai, kwa hivyo asiningojee mimi. Na nikamwambia kwamba akisema, mimi mwenyewe nitasimama nimtetee, na Gichuru asinijaribu. Kwani hakuna mahali mzee anaweza kukaa kwenye hiyo mashine Jumamosi, mimi nikiwa pembeni namwangalizia? Kuna ubaya gani hapo?

Alijiinua kwa mkono kutoka kwenye lile tairi, akachukua redio yake, akaingia ndani.

Mlango wake huwa haufungi vizuri wakati wa mvua. Nilimwona akisimama mbele ya kiti ambacho koti lake la kanisa limening'inizwa tayari. Bado alikuwa na kile kipande mkononi. Alikitazama tena, akakipangusa kwa leso, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

Sijui amekibeba ili akionyeshe ama akifiche.

Nimekaa hapa na hilo swali tangu giza liingie. Chai imepoa. Manyunyu yamerudi kwenye mabati. Kesho Gichuru atanyoosha mkono mbele ya watu wote aombe ufunguo, na kutakuwa na ule ukimya, na katika huo ukimya kuna mtu mmoja tu anayeweza kuongea nikabaki na kiti changu na baba yangu pia.

Ufunguo nimeuvaa shingoni. Vipande vilivyobaki nimevitoa kwenye ovaroli, nimevifunga kwa karatasi, nimevitia kwenye mkoba wangu wa kanisa chini ya Biblia, maana mimi si mjinga, na nikilazimishwa nitavimwaga mezani kati ya vikombe vyao.

Lakini Mungu wangu, umenisikia nikisema mengi leo, nisikie na hili moja. Naomba kesho nirudi navyo vyote, vikiwa bado vimefungwa.